Cherehani Yako Imeingia Darasani

Lodwar, Jumanne

Shikamoo Mama,

Huku ni jua, vumbi, na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Ungeipenda.

Leo niliwasomea wanafunzi wangu wa uandishi mwanzo wa riwaya ile inayonishinda. Nilipomaliza, mmoja wao, Ekai, mwalimu wa shule ya msingi, akauliza, “Huyu mtu wako, ng'ombe yake ni gani? Bila hiyo tutamjua aje?”

Kumbe huku mwanamume huwa na maksai anayempenda, humwimbia na kumcheza kwa kuiga pembe zake. Ekai akasimama akainua mikono, mmoja juu, mwingine umepinda mbele, pembe zenyewe kabisa. “Na wewe, mwalimu?”

Nikasema sina ng'ombe, nimekulia kando ya cherehani ya mama. Wakataka niicheze! Basi mwanao nikakanyaga hewa na kusukuma kitambaa kisichokuwepo, darasa zima likinipigia makofi. Kisha wote wakainamia karatasi zao, hata mimi.

Ila Ekai bado ananiuliza, maana maksai wake ana jina. Miaka yote ile ukishona peke yako sebuleni, Mama, ulikuwa ukiiitaje hiyo cherehani?

Tunangoja jibu lako sote.

Mwanao akupendaye,
Salim