Safu ya nne ubaoni

Jovita, uko hewani? Mikono yangu bado ina chaki.

Leo na kidato cha nne tulikuwa tunalinganisha mjane wa tamthilia, wa riwaya na wa shairi. Nikachora safu tatu ubaoni. Wote wananyang'anywa kibanja, shamba la migomba aliloacha mume. Wa tamthilia anapiga kelele, wa riwaya anakwenda mahakamani, wa shairi analia.

Nikajifanya mjuaji, nikaongeza safu ya nne: MAISHA. Nani ana mfano?

Akasimama Annastella, yule mpole wa nyuma. "Mama yangu hafanyi hata kimoja, mwalimu. Anafunga mizigo. Baba wadogo wamekiuza kibanja chetu."

Na mimi nikaandika! "Anafunga mizigo." Nikasema mfano mzuri sana.

Nikauliza, na mhusika mpinzani ni nani? Nani kanunua?

"Ni mume wako, mwalimu."

Mume wako, mwalimu.

Audax wangu aliniambia kile kibanja alichonunua hakina mtu, Jovita. Kumbe hata kaburi la baba yake Annastella limo humo humo, kwenye migomba.

Sasa hivi Audax amerudi, amechangamka, anasema kesho twende tukapalilie kibanja.

Sikupiga kelele. Sikulia. Nimemjibu, "Sawa."