Motokari ya Shemeki Haina Hata Gamba Moja ya Samaki

Tantine Adrienne, weye unasikilizaka shida ya bantu kila Jumanne ku redio, leo sikiliza na yangu, na kama unataka kucheka ucheke kwanza umalize, juu mambo yenyewe ni ya ndoa.

Minye ni muoshaji wa motokari hapa Kikula, nyuma ya soko, niko na miaka ishirini na mitatu, na sijivune (najivuna kidogo) lakini hakuna mwenye kuosha sawa minye, bantu wananiita Docteur, masomo niliacha mu ya nne secondaire lakini motokari naisoma sawa vile padri anasoma kitabu ya misa, uniletee yako, nafungua mulango moja tu nakuambia kazi yako, muchimbaji iko na vumbi ya kijani ku pedali, mwalimu iko na chaki ku kiti, na wenye mashua, wale wenye kuvulisha samaki ku ziwa Tshangalele na kuzileta hapa mujini, hao nawajua macho ikiwa imefungwa. Motokari ya mwenye mashua, Tantine, haidanganyake. Awe tajiri namna gani, anatembeza Dyna ya zamani ao Hilux yenye kutoboka nyuma, chini imeliwa na kutu juu ya maji ya barafu yenye inatoka mu samaki kila siku, gamba zinashikamana chini ya kapeti mpaka nazitoa na kisu, kuko kamba, kuko bidon ya essence, petroli ya moteur, kuko bâche ya kufunika samaki yenye kuoza, na harufu, Tantine, ata upige savon mara tatu, harufu inakuangalia tu. Papa Barnabé iko na mashua ine, na Dyna yake ikipita, paka zote za Kikula zinaamuka.

Sasa yaya yangu Danielle, dada yangu mukubwa, alipata muchumba, jina Gracien, sura nzuri, sikatae, na anasema iko na mashua tatu ku Kapolowe, pale ku ziwa, mbili za moteur. Baba yetu alikufa, mwanaume mu nyumba ni minye tu, na kwetu, mbele ya kupokea bantu wa muchumba, ndugu wa binti anatumwa aende kuona kazi ya ule muntu na macho yake, halafu siku ya présentation mujomba anamuuliza mbele ya wote, "Weye uliona?" na yeye anajibu "Niliona," njo glasi zinajazwa. Mujomba Déogratias, ule wa Kambove, alinituma wiki tatu zimepita: "Uende Kapolowe, uone mashua, urudie." Tantine, sikuenda. Ile siku kulikuwa ndoa mbili mujini, motokari zote za sherehe zilikuja kwangu, na nikajiambia, minye Docteur mzima niende mpaka ku ziwa kufanya nini, huyu muntu ataleta motokari yake hapa, nitasoma. Nikamupigia mujomba simu: "Mujomba, niliziona, zote tatu, ile ya katikati ni ya rangi ya buluu." Ile buluu sijue ilitoka wapi. Ilinitoka tu mu kinywa.

Wiki iliyopita Gracien akaleta motokari. Harrier nyeupe. Nikafungua nyuma, nikainama mpaka pua ikagusa kapeti. Hakuna! Hata gamba moja! Kapeti safi sawa kitambaa ya altare, hakuna kamba, hakuna kutu, harufu ni ya vanille. Nikamuuliza na kicheko:

"Shemeki, samaki yako inavaaka soksi?"

"Docteur, weye osha tu."

Osha tu! Muntu mwenye hana kitu ya kuficha anasemaka "osha tu"?

Njo nikafungua boîte à gants, kale kasanduku ka mbele ya kiti, sikatae, haikuwa kazi yangu, na ndani nikapata carte rose, ile karatasi ya kuonyesha motokari ni ya nani, na jina iliandikwa humo si Gracien, ni Émilienne, Émilienne nani sijue, jina ya pili ilifutika. Nikaiweka mu mufuko ili nimuonyeshe rafiki yangu Chadrack, juu yeye alimaliza masomo na Kifaransa ya makaratasi anaielewa, lakini Gracien akarudia mbio, akapanda, akaenda, karatasi ikabaki ku minye. Kesho yake polisi wa roulage, wale wa barabara, wakamusimamisha ku barrière, karatasi hana, motokari ikalala kwao siku mbili. Akakuja kwangu na miguu, vumbi mpaka magoti.

"Shemeki, haukuona carte rose yangu?"

"Apana, shemeki. Uangalie muzuri ku nyumba."

"Niliangalia kila pahali."

"Basi uulize bibi yako," nikasema, kumupima tu.

"Bibi yangu ni dada yako," akasema, akaenda. Ona vile anajua kujibu, Tantine! Maneno laini sawa ile kapeti!

Nilijaribu kumuambia Danielle mambo ya harufu, ya karatasi sikusema. Akaweka sufuria chini.

"Weye ulirudilia mwaka wa nne mara mbili, leo unasoma kapeti? Unataka bwana yangu anuke samaki ndipo upate kulala?"

Sasa Jumamosi bantu wanakuja, na mujomba ataniuliza. Nikisema niliona, nimemutupa yaya yangu mu mikono ya muntu mwenye pengine iko na bibi mwingine na hana hata kasia. Nikisema sikuona, mujomba atajua nilidanganya, Gracien atajua mwenye kudanganya juu ya mashua alidanganya na juu ya karatasi, na hakuna muntu ataniachia motokari yake tena. Nifanye nini? Majina nilibadilisha yote, usiogope kusoma.

Docteur wa Motokari, Kikula

*

Docteur,

Majina ulibadilisha, lakini muoshaji wa kuitwa Docteur, Kikula nzima iko na mmoja tu. Barua yako nimeisoma sasa hivi, redio zimefunguliwa soko nzima, na mbele ya saa sita jirani mmoja atakuwa amemupelekea Gracien habari. Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Sikiliza mpaka mwisho, halafu uvae viatu.

Nakuhurumia. Kuwa mwanaume peke yako mu nyumba yenye baba alikufa, kuambiwa useme "niliona" na ndoa ya dada yako ikasimama juu ya hiyo neno moja, ni muzigo, na woga wako juu ya Danielle naona ni wa kweli. Huruma imeishia hapo.

Unatafuta mwongo, na mwongo wa kwanza mwenye nimemupata mu barua ni weye. Gracien alisema iko na mashua tatu, sijue kama ziko. Weye ulisema uliziona, na hiyo najua ni bongo, uwongo mutupu. Ukazipaka hata rangi!

Tena, unajua motokari, haujue wenye motokari. Kaka yangu Gaston alivulisha samaki ku Tshangalele miaka kumi na moja. Hilux yake ilinuka mpaka watoto wake walikataa kuipanda kwenda misa. Siku ya kwenda kwa wakwe aliazima motokari ya jirani, juu hakuna muntu anaenda kuomba binti na harufu ya samaki mu koti. Wengi wao wanafanyaka vile. Ile ya samaki inabaki ku ziwa, wakwe wanaonyeshwa ingine. Kumbe pua yako uliiweka ku motokari ya wakwe! Na jina ya Émilienne? Mu muji huu motokari inapita mikono ine, na karatasi inabaki na jina ya muntu wa kwanza.

Lakini usifurahi mbio. Émilienne anaweza kuwa mwenye kuuza, anaweza kuwa mama yake, anaweza kuwa bibi mwenye anamungoja Kapolowe na watoto wawili. Na lile jibu, "bibi yangu ni dada yako", minye pia sikulipenda. Ulimutajia bibi, akatoa sukari pahali pa kusema "sina". Basi kumushuku si upumbavu. Upumbavu ni namna ulimushuku.

Papa Barnabé analeta Dyna yake kwako. Wenzake wote unawaosha. Hawa bantu wanajuana, wanagawana barafu, wanaazimana nyavu, wanajua moteur ya nani ilikufa na siku gani. Mashahidi walikuwa wanakaa ku kiti yako ya plastiki wakingoja motokari zikauke, na weye ukahoji kapeti! Haukuuliza hata mmoja. Kwa nini? Juu ungeuliza, wangejua haukufika Kapolowe. Na pia Docteur haulizake, sivyo? Docteur anajua.

Sasa fanya hivi. Umuite Danielle leo, umuambie yote, simu ya mujomba, ile buluu, boîte à gants. Atapiga kelele. Ngoja amalize. Halafu muende wawili kwa Gracien. Usimutume Chadrack, na usiingize karatasi chini ya kiti ya motokari useme ilianguka, najua ulishalifikiria hilo. Umupe mu mikono: "Niliichukua, nilikudanganya, unisamehe." Ukishasema, funga kinywa. Swali ya Émilienne ataiuliza Danielle, juu mwenye kuolewa ni yeye. Yeye asikilize jibu, yeye apime. Weye angalia chini.

Jibu likiwa zuri, ata likiwa zuri sana, Alhamisi uombe Papa Barnabé nafasi nyuma ya Dyna, kati ya mabeseni. Ukifika ziwani usianze na Gracien. Anza na wamama wenye kununua samaki pale ukingoni. Uwaulize mashua za Gracien ni zipi, nani anaziongoza, na zikirudi asubuhi, ni mwanamke gani anasimama kupokea samaki. Hao wanajua, juu kila siku wananunua mu mikono ya mwenyewe. Ukiwa na aibu ya kuuliza, kumbuka aibu ya Jumamosi itakuwa kubwa kuliko hiyo.

Na mbele ya kupanda Dyna, umupigie mujomba wa Kambove. Umuambie haukuenda, na sasa unaenda. Atakutukana, ni haki yake. Akisema présentation isogezwe, isogezwe. Bière haiozake mu wiki moja. Wateja wako, wengine watakuacha kweli. Wengine watarudia, lakini watakusimamia karibu wakati unaosha, na utakubali.

Jumamosi ikibaki ile ile, mujomba ataamuka akuulize mbele ya wote. Utasema tu yenye macho yako ilikuta ku ziwa. Kama ilikuta mashua tatu, sema tatu. Kama ilikuta moja ya mbao yenye kutoboka, sema moja, na kutoboka. Na kama miguu yako ilikataa tena kwenda, simama useme "Sikuenda," Danielle akiwa anakuangalia, na glasi zikiwa bado tupu.

Tantine Adrienne