Mvua Ndani ya Lifti

Jumapili, 2 Machi

Wamebusiana!

Sura ya kumi na tisa — ile ya lifti iliyokwama, ile ambayo uzuri wake wote ni kwamba HAWABUSIANI — hawa mabwana wa televisheni wamewatoa watoto wa watu ndani ya lifti, wakawapandisha juu ya paa, wakawanyeshea mvua, wakawafanya wabusiane. Mvua! Vitabu vyote vitatu, kurasa elfu moja na mia mbili, mvua imetajwa mara moja tu, tena ni ya mwaka uliopita. Nimehakikisha.

Nilirusha kandambili kwenye televisheni. Ikakosa, ikaangukia nyuma ya kabati. Nikapiga magoti kuitafuta huku naapiza. Nilipoinuka, sehemu ya pili ya tamthilia ilikuwa imekwisha na majina yanapita mbio, hayasomeki.

Hapa hakuna msomaji, basi niseme ukweli. Msichana fundi lifti, miaka kumi na saba, karithi kisanduku cha vifaa cha baba yake. Kijana wa ghorofa ya tano, anaogopa lifti. Wanakwama dakika arobaini gizani. Kijana anatetemeka. Msichana anampa bisibisi: shika hii, mikono yako ipate kazi. Basi! Hakuna zaidi. Nimesoma mapenzi ya mabingwa wa lugha nne, na hakuna aliyewahi kuniliza kama bisibisi ile.

Mimi. Miaka hamsini na mbili. Mimi niliyeandika kwenye safu yangu gazetini kwamba riwaya za mapenzi za vijana ni uji wa mgonjwa asiyeumwa. Watu bado wananinukuu. Dunia isijue.

Binti wa kaka yangu hakutazama. Kasema kichwa kinamgonga, kajifungia chumbani. Afadhali. Asingeelewa shangazi mtu mzima anamlilia nani.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na hasira safi kabisa, ya kupigwa pasi.

Kwenye kundi letu la mtandaoni la wasomaji wa vitabu hivi, hakuna anayenijua. Kule naitwa Wembe. Mama Pacha, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameshaandika tangu alfajiri: jamani mmeona uchafu ule? Dereva mmoja wa lori kasema ilibidi aegeshe pembeni apumue. Watu wangu hawa!

Nikaandika "Makosa Saba ya Mwandishi wa Skripti". Daima saba. Chini ya saba ni manung'uniko, zaidi ya saba ni chuki. Kosa la kwanza, mvua. Kosa la nne, mtu anayeogopa lifti hawezi kusimama ukingoni mwa paa akitabasamu kama tangazo la dawa ya meno. Kosa la saba nimeliweka zima hapa, kwa sababu ni tamu: "Mwandishi huyu hajawahi kukipenda kitabu hiki, amekitumia tu kama ngazi, na ngazi nayo ameipanda kwa viatu vya matope."

Chini yake nikaweka ombi kwa mtayarishaji: mwandishi huyu aondolewe. Sahihi ya kwanza, Wembe.

Kufikia saa tisa, mia nne. Chai ya leo ilikuwa na ladha ya sikukuu.

Jumanne, 4 Machi

Sahihi elfu mbili na kitu.

Mhariri kanikuta natabasamu ofisini, kashtuka. Nani kafa? ndivyo alivyouliza. Mshenzi. Miaka ishirini na sita nampa safu kila wiki, na bado anadhani furaha yangu lazima iwe na maiti.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi saa kumi, nikamkuta binti jikoni, maji ya chai yamechemka mpaka sufuria imekauka, na yeye kasimama mbele yake analia. Nikazima jiko. Nikamwuliza nani kakugusa, nimfuate sasa hivi. Kasema, hunijui, Shangazi. Nikasema nakujua tangu una miaka tisa na meno mawili ya mbele hayapo.

Ndipo akasema.

Ile ofisi ya matangazo anakochapa barua — haipo. Mwaka mzima huu anaandika skripti. Skripti ya tamthilia ile. Ni yeye!

Nikakaa. Bahati kiti kilikuwepo.

Kwa nini hukuniambia? Akanitazama kama ninavyowatazama mawaziri. "Shangazi, nilipokuwa na miaka kumi na tano uliniona na kitabu cha kwanza. Ulikichukua. Ulisema utaniletea cha watu wenye akili. Nilikuwa nimefika sura ya kumi na tisa."

Ni kweli. Nilikichukua. Nikakisoma ili nimjue adui, na adui akanila mzima mzima kabla ya kesho yake adhuhuri. Sikumrudishia kamwe. Kiko chini ya godoro langu hadi leo, na kona ya ukurasa aliyoikunja yeye ndiyo hiyohiyo ninayoifungua mimi.

Kasema alikinunua tena kwa siri. Alipopata kazi hii alifunga mlango akaruka juu ya kitanda. Mimi nilidhani anafanya mazoezi.

Na busu? Akafuta pua kwa mkono. Aliandika lifti, dakika arobaini, neno kwa neno. Mtayarishaji akasema lifti ina giza, uso wa mwigizaji hauonekani, nataka paa, nataka mvua, nataka midomo. Wiki tatu akapigana naye. Akaambulia kitu kimoja tu: bisibisi. Juu ya paa, baada ya busu, msichana anamtia kijana bisibisi mkononi. "Sekunde nne, Shangazi. Nilizipigania sekunde nne kama mali ya urithi. Na hakuna hata mtu mmoja aliyeziona."

Sekunde nne. Nilikuwa nyuma ya kabati!

Halafu akaninyooshea simu. Kuna mtu huko anaitwa Wembe, akasema. Soma kosa la saba.

Nikalisoma. Halikuwa tamu tena.

Kasema mtayarishaji ameingiwa na woga. Sehemu ya mwisho haijaandikwa bado. Kelele zikiendelea atampa shemeji yake aiandike, na shemeji anataka harusi yenye farasi weupe. Kitabu kinaishia na msichana akishuka ngazi peke yake na kisanduku chake! Farasi atapita wapi kwenye ngazi?

Mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa: "Wewe unajua kumnyoa mtu bila maji. Mnyoe huyu Wembe. Kwenye safu yako. Kwa ajili yangu."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima mezani. Kalamu nyekundu, karatasi, mlango nimefunga.

Kumbomoa Wembe — kazi ya dakika kumi, nilidhani. Nimewabomoa maprofesa. Nimembomoa mkurugenzi mmoja mpaka akahama mji. Kosa la kwanza la Wembe: anahukumu asichokitazama hadi mwisho. Zuri. Kosa la pili: anajificha nyuma ya jina. Zuri pia. La tatu — hamna. Kila nikiandika la tatu naona Wembe ana hoja. Mvua ile kweli ilikuwa upuuzi! Niandike kwamba haikuwa? Nimekata, nimekata tena. Saa kumi na moja nina makosa mawili na aya nzima inayosema Wembe "bila shaka ni mtu mwenye mapenzi ya dhati na fasihi".

Nimemtumia mhariri. Kapiga simu: una homa?

Jumapili, 9 Machi

Binti kasoma makala kabla ya sehemu ya tatu kuanza. Mara mbili. Akaiweka mezani taratibu.

"Umemhurumia."

Nikasema hapana.

"Shangazi. Hujawahi kumhurumia mtu. Mwalimu wangu wa darasa la sita ulimwandikia makosa saba kwa sababu ya ripoti ya muhula. Huyu ana mawili, na la pili umeliombea radhi." Akanikazia macho kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nikasema nazeeka. Akasema, hapana, si hiyo.

Nikaingia chooni na simu. Nikiwa Wembe, nikaandika kundini: tazameni tena baada ya busu, kuna sekunde nne, mwandishi huyu anakijua kitabu kuliko sisi sote, ombi nalifuta.

Aibu ya mwaka! Dereva wa lori: Wembe kanunuliwa. Mama Pacha: huyu si Wembe wetu, akaunti imeibwa, Wembe haombi radhi hata akikukanyaga. Mwingine: wembe umeingia kutu. Kwa robo saa wakanitoa kundini! Mimi niliyewafundisha kupigana. Ombi limechukuliwa na Mama Pacha. Sahihi elfu sita.

Binti kagonga: Shangazi, umekwama? Nikasema natoka.

Jumanne, 11 Machi

Mtayarishaji kapata wazo. Watu wenye mawazo waogopwe.

Mdahalo redioni, moja kwa moja, Jumamosi saa nne asubuhi. Upande wa skripti, mimi mwenye safu, kwa kuwa makala imetoka. Upande wa mashabiki, Wembe. Kampa binti masharti mbele ya ofisi nzima: Wembe akishindwa, au akibadili msimamo hewani, sehemu ya mwisho ni yako. Akishinda, au asipotokea, nahesabu sahihi, na shemeji anaanza kazi Jumatatu.

Mwaliko wa Wembe uliingia saa saba mchana, nikiwa kwenye foleni ya benki. Nikajibu: "Nitakuja. Waambie waandae maji ya kunywa, watayahitaji." Ndiyo nilivyojibu! Mkono uliandika kabla ya kichwa. Sijawahi kukataa mdahalo tangu nizaliwe, na sasa nimeukubali mmoja mara mbili, mimi dhidi ya mimi.

Jumatano, 12 Machi

Njia nilizofikiria:

Wembe awe mgonjwa — hapana, sahihi zitahesabiwa. Wembe apige simu — na sauti? Nimejaribu sauti nene bafuni. Jirani kauliza kama tuna mgeni wa kiume.

Nimkodishe mtu awe Wembe, ashindwe vizuri. Nikamfikiria mhariri. Hajui hata msichana ana kisanduku cha rangi gani. (Kijani!) Mama Pacha angemla mbichi.

Zimebaki njia ngapi, najua. Naizunguka tu kama kuku anavyozunguka nyoka.

Nikisema, nitacheka na nani tena? Mkurugenzi yule atarudi mjini kwa tarumbeta. "Uji wa mgonjwa asiyeumwa" watanisomea hadi kaburini. Hilo nalimudu. Nimeshatukanwa na watu wenye lugha nzuri zaidi. Lakini kosa la saba! Binti atajua lilitoka nyumbani, kwenye meza ileile anayonywea chai. Kwamba nililiandika natabasamu.

Ijumaa, 14 Machi

Binti kanipigia pasi blauzi ya bluu. Redio haina macho, nikamwambia. Kasema mtu akivaa vizuri hupigana vizuri.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Nikasema kola bado ina mkunjo.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tatu na dakika hamsini. Studio. Naandika juu ya goti.

Chumba kidogo, kuta za sponji, meza ya duara. Viti viwili vinatazamana na kila kimoja kina karatasi. Kimoja jina langu. Cha pili: WEMBE. Maji yapo, chupa nne, nilivyoagiza.

Nyuma ya kioo: fundi mitambo, mtayarishaji, na shemeji — kaja na faili nene, ina picha ya farasi juu, Mungu nisamehe. Na binti. Kasimama. Hajakaa tangu tuingie.

Mtangazaji, mama mmoja mchangamfu, anaangalia mlango. Huyu Wembe wenu mwoga, ananiambia. Namwambia tusimseme mtu kabla hajafika.

Saa tatu na hamsini na sita. Mtayarishaji anaangalia saa yake, anamnong'oneza shemeji. Shemeji anafungua faili.

Binti ameshika kitabu cha kwanza. Kile alichokinunua kwa siri. Jalada limechakaa kuliko langu. Anajisomea midomo ikicheza. Sura ipi, sihitaji kuuliza.

Dakika mbili. Mtangazaji anasema kwa masikitiko ya kazi: basi tutaanza na kiti kitupu.

Hapana. Subiri.

Nimeinuka. Nimezunguka meza. Kiti hiki ni kibovu kuliko kile, kinayumba. Mtangazaji anacheka: mama, umekosea, chako ni kile pale. Navuta kipaza sauti karibu. Shemeji kafunga faili, kafungua tena. Mtayarishaji anauliza kitu nisichokisikia, kioo ni kizito.

Binti kainua uso kutoka kitabuni. Ananitazama mimi, anatazama karatasi iliyo mbele yangu, ananitazama mimi. Sijui huo ni uso gani. Nimemlea miaka kumi na saba na uso huu siujui.

Taa nyekundu ya hewani imew—