Gauni la Kusikilizia Redio

Mama yangu, shikamoo.

Huku mjini Garland kuna joto kali, lakini ajabu ni bibi wa Kizungu ninayemuuguza. Jumamosi mchana redio hurusha opera moja kwa moja kutoka jukwaani, naye huvaa gauni refu na lulu ndipo aifungue.

"Nani anakuona?" nikamuuliza.

Akasema zamani, matangazo hayo yalipoanza, mama yake aliwavisha watoto viatu vya kanisani, maana waimbaji wamewajia nyumbani. Nikakukumbuka wewe na taarabu yako: udi, kanga mpya, na noti ya kumtunza mwimbaji chini ya redio. Basi nami nikachomeka dola.

"Ataipataje?" bibi akashangaa.

"Kama anavyoliona gauni lako."

Mama, eda imekwisha. Fukiza udi, uifungue redio ya Baba.

Mwanao akupendaye,
Zuhura