Manjano ya Baba

Jumatatu, 1 Machi 1971

Leo Bwana Pendleton wa jumba la sanaa kapanda ngazi zetu zote hadi ghorofa ya tano. Anatafuta wachoraji weusi kumi na wawili kwa maonyesho. Miaka yote hawakutaka hata mmoja – sasa wanataka dazeni, kama mayai!

Baba akamwonyesha picha yake kubwa ya manjano. Humwaga rangi juu ya turubai, kisha huivuta kwa ule mpira wenye mpini anaofutia madirisha ya maofisi kazini. Tabaka saba, miezi minne. Harlem nzima hakuna kitu kizuri kama hiki.

Bwana Pendleton alitazama huku na huku kama aliyepoteza mwavuli. Akauliza, watu wako wapi kwenye picha? Baba akamjibu kwamba wamekwenda kazini.

Shangazi Verlene alikimbilia jikoni kucheka.

Jumatano, 3 Machi

Fomu imefika. Jina la picha: mstari mmoja. Inasema nini juu ya mateso ya watu wako: mistari kumi na miwili!

Baba kaandika “Manjano” kote kuwili.

“Kaka, weka japo ngumi moja ya ukombozi pale pembeni,” Shangazi alimwambia. “Ngumi tu, wakupitishe!”

“Mzungu akipaka bluu tupu, wanasema anawaza. Mimi nikipaka manjano, wananiuliza nani kaniumiza.”

Kisha akanipa fomu niipige taipu shuleni. Ananiamini kwa usafi wa kazi.

Alhamisi, 4 Machi

Nimefanya jambo.

Jina la picha nimeandika: “Mazishi, Mtaa wa 134”. Kwenye maelezo nimeweka kilio, damu na minyororo. Minyororo mara tatu – mistari ilikuwa mingi.

Hakuna aliyekufa. Yale manjano ni jiko la Bibi kule South Carolina, saa ya asubuhi. Baba aliniambia mwenyewe.

Bahasha nimeitia posta mbio, nisije nikabadili nia. Nataka Baba aingie tu kwenye maonyesho. Akishaingia, wataiona picha wenyewe.

Ijumaa, 19 Machi

Kakubaliwa!!

Barua inasema wametikiswa. Baba hakusoma zaidi ya hapo. Kamnyanyua Shangazi juu juu, na unene wake wote. “Manjano matupu, Verlene! Bila ngumi!”

Sikumaliza pai yangu ya viazi vitamu.

Jumamosi, 3 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi, humu humu kwenye jumba la sanaa. Mwandiko mbaya, samahani.

Mama mmoja mwenye lulu shingoni alisimama mbele ya picha ya Baba akalia. Baba akadhani kafiwa. Kampa leso yake, akampa na pole! Mama akasema hapana, pole ni yako wewe. Wakabaki wanapeana pole.

Bwana Pendleton anawaambia wageni wasikilize ukimya wa jeneza.

“Jeneza gani?” Baba kauliza.

Wote wakacheka kwa adabu. Bwana Pendleton akamwonyesha kikaratasi cha maelezo ukutani. Shangazi alikuwa ameshakisoma. Kanigeukia. Yeye hacheki.

Baba kainama, kasogeza pua karibu na ukuta. Herufi ni ndogo mno kwake. Anajipapasa mfuko wa koti. Sasa wa suruali.

Miwani ninayo mimi, kwenye mkoba. Alinipa nimshikie, atoke vizuri kwenye picha za magazeti.

Amekumbuka. Anakuja huku, anatabasamu, kanyoosha mkono –