Vyuma Vipya vya Mandolini

Mjukuu wangu Koku,

Huku Ijuganyondo hatujambo, kahawa imeanza kuiva. Unauliza kama unaweza kubadilisha vile vyuma vidogo vya shingoni mwa mandolini niliyokupa.

Nami niliirithi kwa baba yangu vyuma vikiwa vimelika kwa vidole vyake. Nyuzi zilikwaruza, lakini nilikataa visiguswe, maana niliviona ndiyo alama yake iliyobaki. Mama akaniambia, "Mwanangu, baba yako alivimaliza kwa kupiga." Basi nikaipeleka kwa fundi Muleba, akaweka vipya. Niliporudi nikapiga wimbo aliopenda baba. Mama hakuwa ameimba tangu msiba. Siku hiyo aliimba mpaka mwisho.

Vibadilishe tu, kisha unipigie simu niisikie.

Bibi yako,
Paulina