Wanataka Kumwona Mwenye Nyumba

Nyumbani kwako,
Chumba cha mbele.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Kifua kinasemaje na hiyo baridi? Unakula, au bado unashindilia mkate umesimama kama mtu anayekimbizwa? Mimi mzima, ila magoti yananisuta, na cherehani nayo imeanza kulalamika.

Mtaa wetu umepoa. Tangu riba ipande, benki inapiga mnada nyumba baada ya nyumba. Muuguzi wa jirani, yule aliyekuwa akigonga ukuta kuniuliza kama nimekula, amehamia kwa shemeji yake. Siku hizi nikicheka na redio, hakuna wa kuniuliza nacheka nini.

Kwa kinyozi ni ubishi kutwa. Serikali imetangaza kwamba itasimamisha minada na kubeba sehemu ya mikopo, naye kaja juu: "Mimi nimemaliza deni langu kwa jasho, leo kodi yangu imlipie mtu aliyekopa kwa mbwembwe? Hapana, bwana!" Nikamwuliza, watu wakiisha mtaani atanyoa makufuli? Akanuna. Ana haki ya kukasirika, sikatai. Ila muuguzi hakukopa kwa mbwembwe. Riba ilipanda, mshahara wake ukabaki pale pale. Hapo serikali isipoingia, iingie wapi?

Basi Alhamisi msaada wenyewe ukapiga hodi kwetu. Mama mmoja wa ofisi ya nyumba, mpole, beji shingoni. Akaniambia wanaokoa nyumba ambazo mwenye mkopo analala humo humo. Nyingine zote benki itaziuza. Akaomba kukuona.

Mdogo wangu, ulimi ulinitangulia. Nikasema uko kazini, utarudi jioni. Akaomba kuona chumba chako, nikamfungulia. Kitanda kimetandikwa, shuka nimefua kama kawaida yangu. Akautazama mto, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Mama, anakuja lini?"

Nikanyoosha shuka lililokuwa limenyooka tayari. Yule mama kasema atarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu.

Sikulaumu. Pesa ya benki unatuma bila kukosa, ila riba imeizidi, na najua inavyokutoa jasho. Lakini kila mwaka unasema mwakani, na mimi nafua shuka ambazo hazijalaliwa. Nina upweke, mdogo wangu. Nimechoka kuufichaficha.

Kama unakuja, njoo, hata ukikuta nyumba imeshauzwa. Tutapanga vyumba viwili popote na nitakugombeza kama zamani. Kama huji, niandikie hivyo hivyo, usinipambie. Yule mama akirudi nimwambie ukweli, na kitanda nikigawe kwa mwenye kukihitaji.

Msalimie wifi yangu, na umbusu binti yenu. Mwambie shangazi yake anamjua kwa picha tu, lakini gauni lake limeshakatwa, bado vipimo vya mabega.

Mungu akufunike huko unakolala.

Dada yako akupendaye siku zote,
Pindo